Mkubwa anampigaje fundi? Kutoka Havana hadi Kagera



Kuna ubishi mmoja ambao ukiuanzisha Nkome, pale mwaloni saa za mchana, dagaa wakiwa wameanikwa na wavuvi wakingoja giza, huumalizi hata jua likizama. Ni huu: bondia mkubwa na bondia fundi wakikutana ulingoni, nani anamchapa mwenzake?

Wavuvi wengi husema fundi. Wanakwambia ngumi ni akili, mwili ni mzigo tu. Wale wanaotoka machimboni huku Geita husema mkubwa. Mtu aliyezoea kushinda akipiga mwamba kwa nyundo humwambii kitu kuhusu nguvu. Kila upande una mifano yake kutoka kwenye banda la video, na kila upande una bingwa wake.

Mimi nasema wote wana haki nusu. Mkubwa humpiga fundi, historia ya masumbwi inaonyesha hivyo. Lakini humpiga kwa njia ambayo wakubwa wengi hawaipendi, yaani kwa kukubali kuwa mzito, kukubali kupigwa mwanzoni, na kungoja. Mkubwa anayetaka kummaliza fundi haraka mara nyingi hujimaliza mwenyewe. Na mfano mkubwa wa jambo hili haukutokea kwenye ulingo wowote. Ulitokea kwenye ukanda huu huu wa Ziwa Victoria, kati ya Oktoba 1978 na Aprili 1979. Tutafika huko. Kwanza twende ulingoni.

Tuanze na Havana, Cuba, tarehe 5 Aprili 1915. Bingwa wa dunia wa uzito wa juu ni Jack Johnson, mtoto wa Galveston, Texas, mtu mweusi wa kwanza kushika taji hilo. Alilitwaa Sydney mwaka 1908 kwa kumchapa Tommy Burns. Johnson alikuwa fundi kweli kweli. Alikuwa anakinga ngumi kwa viganja kama mtu anayefukuza nzi, huku akipiga soga na mpinzani na kuwatania watazamaji. Mwaka 1910 aliyekuwa bingwa, Jim Jeffries, alitolewa kwenye kustaafu ili alirudishe taji kwa Wazungu. Johnson alimchakaza mjini Reno, na baada ya hapo Weusi wakashambuliwa katika miji mingi ya Marekani.

Mpinzani wa Havana aliitwa Jess Willard, mtu wa Kansas. Alikuwa na urefu wa karibu mita 2, amemzidi Johnson kwa kama sentimita 15. Hakuna aliyemwita fundi. Alianza ngumi akiwa mtu mzima tayari, na hata mashabiki wake walimsifia mwili kuliko mikono.

Pambano lilipangwa kuwa la raundi 45. Ndiyo, 45, msidhani nimekosea kuandika. Na lilipigwa kwenye jua la mchana la Havana. Kwa raundi nyingi za mwanzo Johnson ndiye aliyetawala. Alimpiga Willard atakavyo. Lakini Willard hakuanguka. Aliweka mkono wake mrefu wa kushoto mbele, akapokea alichopokea, akangoja. Johnson alikuwa na umri wa miaka 37 na mwili haukuwa na mazoezi ya kutosha. Ilipofika raundi ya 20 na ushee, miguu ilianza kumkataa. Raundi ya 26 Willard akamshushia ngumi ya kulia, na fundi akahesabiwa akiwa chali.

Baadaye Johnson alidai kuwa aliliuza pambano. Willard akajibu kwamba kama kweli alikusudia kuanguka, basi angeanguka mapema, maana jua lilikuwa kali mno. Mimi naona jibu hilo lina nguvu. Mtu aliyeuza pambano hachomwi jua kwa raundi 25 bila sababu.

Lakini kuna jambo ambalo mara nyingi tunalisahau tukiisimulia Havana. Johnson hakufika ulingoni akiwa mzima. Mwaka 1913 mahakama ya Marekani ilimtia hatiani kwa sheria iliyotumika kumwadhibu kwa uhusiano wake na wanawake wa Kizungu, naye akakimbia nchi. Alikuwa mkimbizi wa miaka miwili, pesa zinamwishia, hana kambi ya maana ya mazoezi. Ilichukua mpaka 2018 ndipo akapewa msamaha wa rais wa Marekani, akiwa kaburini tangu 1946. Kwa hiyo Willard alipoanza kuvuta muda, muda ulikuwa tayari upande wake. Fundi alikuwa anavuja kabla kengele haijagongwa.

Sasa basi, kutoka hapo tunaweza kuona silaha za mkubwa. Ni tatu.

Ya kwanza ni umbali. Mwenye mkono mrefu anapiga kutoka mahali ambapo yeye hapigwi. Ngumi ya kushoto iliyonyooka haihitaji ufundi mwingi, inahitaji kurudiwa tu. Fundi akitaka kuingia ndani, kila mara analipa nauli mlangoni. Hivyo ndivyo James "Buster" Douglas alivyomfanya Mike Tyson kule Tokyo tarehe 11 Februari 1990. Tyson alikuwa hajawahi kupoteza pambano na karibu kila mtu aliamini Douglas ataondoka kwa machela. Mkono wa kushoto ulimfanyia kazi mpaka raundi ya 10, na Tyson akaonekana duniani kote akitambaa kutafuta kinga ya meno.

Ya pili ni uzito wenyewe. Watazamaji huchukia mabondia wakikumbatiana, wanazomea. Lakini humo ndimo kazi inapofanyika. Mkubwa anaegemea shingo ya mwenzake, anamfanya ambebe. Dakika moja ya kubeba kilo 120 ni sawa na kupigwa ngumi kadhaa za tumbo. Tazameni tena pambano la pili la Tyson Fury na Deontay Wilder, Februari 2020 Las Vegas. Kabla Wilder hajaokolewa na kona yake raundi ya 7, alikuwa ameshachoka kumbeba Fury.

Ya tatu ni muda. Fundi anaishi kwa miguu, macho na kuwahi. Vyote hivyo vinaisha kwa uchovu. Uzito haupungui raundi ya 10. Mkubwa akifika raundi za mwisho akiwa na pumzi, ameshafanya nusu ya kazi.

Mkubwa anapoteza wapi? Anapoteza pale anapodhani nguvu zake ni za kumalizia raundi ya kwanza. Hapo twende Kinshasa.

George Foreman alipofika Zaire mwaka 1974 alikuwa na miaka 25, mapambano 40 bila kupoteza, 37 kwa KO. Mwaka mmoja kabla, Januari 1973, alikuwa amemwangusha Joe Frazier mara sita ndani ya raundi mbili kule Kingston, Jamaica. Frazier huyo ndiye aliyempiga Muhammad Ali mwaka 1971. Watu walikumbuka zile ngumi nzito za Foreman. Wachache walitazama mikono yake kabla ya ngumi. Frazier alikuwa mfupi, anaingia ndani ameinama, na Foreman alikuwa anamsukuma kwa viganja, anamrudisha kwenye umbali anaoutaka yeye, halafu ndipo anapiga. Frazier aliangushwa na umbali kwanza, ngumi baadaye.

Kwa Ali somo hilo halikutumika. Usiku wa tarehe 30 Oktoba 1974, karibu na alfajiri, kwenye joto la Kinshasa, Foreman alipiga kama mtu anayekimbizana na treni. Ali akaegemea kamba, akakinga uso, akaacha mikono na mbavu zipigwe. Na kila walipokaribiana alimshika Foreman shingo na kumlalia. Hapo ndipo utamu wa pambano lile. Fundi aliazima silaha mbili za mkubwa, uzito na muda, na mkubwa mwenyewe alikuwa ameziacha chumbani. Raundi ya 8 Foreman alikuwa hana pumzi, akaanguka.

Miaka minne kamili baadaye, tarehe 30 Oktoba 1978, bondia mwingine mkubwa alitupa ngumi ya haraka. Huyu tunamfahamu vizuri zaidi.

Idi Amin Dada alikuwa bondia wa kweli, si wa kujisifu tu. Aliingia jeshi la kikoloni la King's African Rifles mwaka 1946, na anatajwa kuwa bingwa wa Uganda kuanzia 1951 hadi 1960 katika daraja lililo chini kidogo ya uzito wa juu. Urefu wake ulikuwa kama sentimita 193. Januari 1971 alimpindua Milton Obote, na tangu hapo alitawala kwa mtindo wa bondia anayetegemea pigo la kwanza: kushtua, kuangusha, kisha kusherehekea kabla mwamuzi hajamaliza kuhesabu.

Siku hiyo ya Oktoba majeshi yake yaliingia mkoa wa Kagera na kuteka eneo lote lililo kaskazini ya mto, kama kilomita za mraba 1,800. Amin akatangaza kwamba ni sehemu ya Uganda. Siku chache baadaye daraja la Kyaka likabomolewa. Ng'ombe wakaswagwa kuvuka mpaka, kiwanda cha sukari kikaporwa, raia wakauawa, wengine wakakimbia na walichoweza kubeba kichwani. Tanzania ilikuwa na askari wachache sana upande ule. Kwa lugha ya ulingoni, tulikalishwa chini raundi ya kwanza.

Halafu ikaja ile kali. Mwishoni mwa mwaka huo huo Amin alitoa pendekezo kwamba ugomvi umalizwe ulingoni, yeye na Mwalimu Nyerere, badala ya askari kufa vitani. Mwamuzi awe Muhammad Ali. Na kwa kuwa alijua Mwalimu si bondia, akaongeza kuwa yuko tayari kupigana mkono mmoja umefungwa na miguu imewekewa vizito, ili mwenzake apate nafasi.

Dunia ilicheka. Wengi wetu tumesimuliwa kama kichekesho. Lakini hebu tulitazame vizuri. Amin alitaka pambano lihesabiwe kwa miili miwili: mtu wa sentimita 193 aliyewahi kuwa bingwa, na mwalimu mwembamba wa miaka 56. Ndani ya hesabu hiyo yeye ni mkubwa na tena ndiye fundi. Nje ya hesabu hiyo mambo yalikuwa tofauti kabisa. Sensa ya 1978 ilihesabu Watanzania karibu milioni 17.5. Sensa ya Uganda ya 1980 ilikuta watu milioni 12.6. Mkubwa wa kweli alikuwa Tanzania, ila alikuwa mkubwa aliyelala, mzito kuamka, na mwenye uzoefu mdogo wa vita. Ulingo wa Ali ungelificha jambo hilo. Ungewaficha pia wale waliokuwa wameshakufa Kagera.

Mwalimu hakuingia kwenye mchezo huo. Alikuwa ameshasema lake tarehe 2 Novemba 1978, na maneno yake matatu kila Mtanzania anayajua mpaka leo: uwezo, sababu na nia. Mimi huwa nasikia maneno yale kama mpango wa bondia mkubwa. Hakuahidi kumaliza vita wiki ijayo.

Na kweli Tanzania ilipigana kwa uzito wake. Jeshi lililokuwa na askari wasiofika 40,000 lilikuzwa hadi zaidi ya 150,000 pamoja na mgambo walioitwa kutoka mikoani. Mabasi na malori ya raia na ya mashirika yalichukuliwa. Reli ya kati ilibeba askari na vifaa mpaka huku Kanda ya Ziwa. Wakati huo Geita ilikuwa wilaya ya mkoa wa Mwanza, na Mwanza ilikuwa mlango wa vita. Ilichukua wiki kadhaa kabla pigo la kujibu halijaonekana. Mtu aliyekuwa anatazama kutoka mbali angesema Tanzania imeduwaa. Kumbe mkubwa alikuwa anainuka.

Eneo la Kagera lilirudi. Januari 1979 JWTZ likavuka mpaka na kuchukua Mutukula. Februari ikaanguka Masaka, na siku iliyofuata Mbarara. Askari wengi walikwenda kwa miguu, kwenye mvua, zaidi ya kilomita 200 kutoka mpakani hadi Kampala. Hakukuwa na madoido. Ilikuwa ile ngumi ya kushoto ya Willard: makombora ya mizinga kwanza, kisha miguu, kisha tena makombora.

Isidhaniwe kuwa hakuna raundi iliyokwenda vibaya. Lukaya, tarehe 10 Machi, Walibya waliokuja kumsaidia Amin walikipiga kikosi chetu kilichojaa mgambo, kikavunjika na kurudi nyuma. Jeshi dogo likivunjika hivyo vita vimekwisha. Jeshi kubwa lilikuwa na kikosi kingine pembeni, kikashambulia siku iliyofuata na kurudisha barabara. Hiyo ndiyo faida halisi ya ukubwa ambayo wabishi hawaitaji. Mkubwa anaweza kukosea mara moja na bado akasimama, wakati fundi mdogo kosa lake la kwanza huwa la mwisho.

Mwishoni mwa Machi ndege ya kivita ya Libya ilitumwa kuipiga Mwanza. Mabomu yalikosa shabaha na kuua swala kwenye hifadhi ya wanyama. Ilikuwa ngumi ya mtu aliyechoka, inayopita juu ya kichwa. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilikuwa mikononi mwa JWTZ na Waganda waliopigana upande wetu.

Na kama Jack Johnson, Amin naye alifika kwenye pambano akiwa anavuja, ila tofauti yao ni kubwa. Johnson alidhoofishwa na waliomchukia bila haki. Amin alijidhoofisha mwenyewe. Alikuwa ameua maofisa wake, amewafukuza Waasia mwaka 1972 na kuuvuruga uchumi, na mwaka 1978 vikosi vyake vyenyewe vilikuwa vinaasi. Aliyetupa lile pigo la Oktoba alikuwa bondia anayemtazama adui wa nje kwa jicho moja na kona yake kwa jicho la pili. Alikimbilia Libya, kisha Saudi Arabia, akafia Jeddah tarehe 16 Agosti 2003.

Muhammad Ali, yule mwamuzi aliyependekezwa, alikuja kweli Dar es Salaam, Februari 1980. Hakuja kuamua pambano. Rais Carter alimtuma kuzishawishi nchi za Afrika zisusie Michezo ya Olimpiki ya Moscow. Mwalimu alikataa kumpokea, akiona ni dharau kutumiwa bondia kwa jambo la kiserikali. Tanzania ilikwenda Moscow, na Filbert Bayi na Suleiman Nyambui wakarudi na medali za fedha. Napenda kufikiri kwamba baada ya vitisho vya Amin, Mwalimu alikuwa ameshachoka na watu wanaochanganya ulingo na nchi.

Sasa kuna sehemu ya hadithi hii ambayo haipendezi kuisimulia mwaloni wala mjini. Ushindi wa mkubwa una bei, kwa sababu mkubwa hushinda kwa kutumia mwili wake. Willard aliyengoja raundi 26 alipopanda ulingoni Toledo, Ohio, tarehe 4 Julai 1919, alikutana na Jack Dempsey, kijana mdogo kwake kwa zaidi ya kilo 20. Dempsey alimwangusha mara saba katika raundi ya kwanza, na baada ya raundi ya tatu Willard hakuinuka kwenye kigoda. Mwili uliokuwa silaha Havana ulikuwa shabaha Toledo.

Tanzania nayo. Gharama za vita zimekadiriwa kufika dola milioni 500, kwa nchi maskini, bila Umoja wa Nchi Huru za Afrika kuchangia. Mwalimu aliomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Wazazi wetu watawaambia miezi hiyo ilikuwa mirefu kiasi gani. Foleni za sabuni, unga, sukari na khanga zilifika katikati ya miaka ya 1980. Bei ya mafuta na ukame vilichangia, vita havikuwa sababu pekee, lakini mkanda ulianza kukazwa hapo. Mwaka 1985 Mwalimu akang'atuka, na 1986 serikali ya Mzee Mwinyi ikasaini na Shirika la Fedha la Kimataifa masharti ambayo Mwalimu alikuwa ameyakataa.

Je, ina maana tusingepigana? Hapana. Aliyeingia nyumbani kwako huwezi kumwachia kitanda. Ninachosema ni kwamba tunapoisimulia Kagera kama KO safi, tunakosea mchezo. Ilikuwa ushindi wa mkubwa, yaani wa taratibu, wa kuegemea, wa kupokea ngumi, na wa kuamka kesho yake mwili mzima unauma.

Kwa wale wa banda la video, najua mtaniambia habari za Oleksandr Usyk, aliyempiga Fury mara mbili kule Riyadh mwaka 2024, Mei na Desemba. Mara ya pili Fury alikuwa amemzidi zaidi ya kilo 20. Sawa, fundi alishinda. Lakini tazameni alivyoshinda: alikuwa na pumzi mpaka kengele ya mwisho. Hakumwachia Fury muda. Mkubwa akinyang'anywa muda, kinachobaki ni nyama tu.

Ukitoka huku kwetu kwenda Bukoba kwa barabara, kabla hujafika mjini unapita wilaya ya Muleba, na humo ndimo yalimo makaburi ya Kaboya. Pale wamelazwa askari wetu wa vita vile, kwenye mistari iliyonyooka. Amin alitaka tuamini kwamba vita ni watu wawili wenye glavu na mwamuzi mashuhuri. Anayetaka kujua mkubwa anampigaje fundi, na kwa kiasi gani, apite Kaboya ahesabu mwenyewe.